Kwa nini mafundi huunga mbele ya mshale kwa mti mgumu?

Ukiokota mshale wa mbao uliovunjika, tazama umekatikia wapi. Mara nyingi ni vidole viwili vitatu nyuma ya chembe, yaani ncha ya chuma. Mshale ukigonga jiwe, chembe husimama papo hapo, lakini wano, yaani kijiti cha mshale kilicho nyuma yake, bado linakuja na kasi yake, na kishindo chote huangukia pale mbao inapoingia kwenye chuma. Likiwa la paini, linakatika.

Mtu wa Lubumbashi atauliza: si tuchonge mshale mzima kwa mukula, ule mti mwekundu wa misitu yetu ya miombo, yaishe? Hayaishi. Mshale wa namna hiyo ni mzito; upinde uleule utausukuma polepole, nao utaanguka karibu. Tena wano linatakiwa lipinde kidogo linapoachiwa, lipite ubavuni mwa upinde, kisha lijinyooshe hewani. Paini iliyonyooka nyuzi huiweza kazi hiyo vizuri. Basi paini hubaki nyuma, mti mgumu hukaa mbele, na faida ya pili inakuja yenyewe: uzito ukisogea mbele, manyoya ya nyuma huuongoza mshale kwa urahisi zaidi.

Wazo hili ni la kale sana. Ötzi, yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na mishale miwili tu iliyokamilika kwenye podo lake. Mmoja wao ulikuwa umeungwa kipande cha mti mwingine mbele.

Ugumu wote uko kwenye kiungo. Gundi, au kole kama tunavyosema huku, haishiki vizuri kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa, inashika ubavuni. Kwa hiyo wano huchongwa kama kabari ndefu. Piga hesabu: wano la milimita 9 likikatwa wima lina milimita za mraba 64 tu za kupaka gundi. Ulichonge kabari ya sentimita 15, pande zake mbili zinakupa zaidi ya 2,000. Mara thelathini na zaidi, kwa kijiti kilekile!

Kipande kigumu huanza kikiwa cha pembe nne, kinene kuliko wano. Fundi hukipasua katikati kwa msumeno mwembamba, lakini hafiki mwisho, ili kibaki na miguu miwili. Anapaka gundi, anasukuma kabari ndani taratibu, miguu inatanuka na kuikumbatia. Hapo haraka haina baraka: mti mkavu sana ukilazimishwa hupasuka hadi mwisho. Kisha anaviringisha uzi kwa nguvu na kuacha gundi ikauke kabisa. Randa ndiyo inayofuata. Anapunguza pembe kidogo kidogo, akizungusha, mpaka miguu ile iishe kwa ncha mbili kali nyekundu zilizolala juu ya paini nyeupe. Pambo hilo hakuna aliyelichora; limetokana na umbo la kiungo.

Kwa mti wenyewe, usiukate mukula wowote. Umeshavunwa kupita kiasi, na mshale mmoja unahitaji kijiti cha sentimita 25 hivi. Ateliye za useremala kule Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi) hazikosi masalio ya mbao ngumu yanayongoja kuchomwa.

Wapo wanaopasua mara mbili kwa msalaba, wapate ncha nne badala ya mbili. Zinapendeza kweli. Lakini Mwingereza Roger Ascham aliandika mwaka 1545 kwamba mbili zinatosha, maana unyevu wa ardhi huingia kwenye maungio na kuilegeza gundi. Gundi za siku hizi zisizoogopa maji zimelipunguza tatizo hilo. Ukitumia kole nyeupe ya kawaida ya maseremala, mvua za Januari zitampa Ascham haki yake.