Je, wajua kwa nini soksi tatu zaweza kukupoza miguu kuliko soksi moja?

Mara ya kwanza nilipojiandaa kushuka kutoka kwenye meli ya kitalii katika nchi ya barafu, nilivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, kisha nikaishindilia miguu ndani ya mabuti ya mpira. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: soksi moja ina joto, basi tatu zina joto mara tatu. Baada ya nusu saa ufukweni, nikiwa nimesimama juu ya theluji, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mwenzangu aliyevaa soksi moja ya sufu alikuwa akitembea bila taabu.

Kosa hili ni la wengi, nami nataka kulieleza polepole, kwa sababu ukishalielewa, sehemu kubwa ya ushauri wa kufungasha mizigo ya safari za baridi inajieleza yenyewe.

Soksi haina joto. Koti halina joto, wala blanketi. Chenye joto ni mwili wako: mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Kazi ya nguo ni kulichelewesha joto hilo lisitoroke, na kinacholichelewesha hasa si uzi, ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Fikiria tanuri la kuokea lenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi: unaweza kuingiza mkono, ukautoa mkate na kuutoa mkono salama, mradi usiguse chuma. Maji yanayochemka yana nyuzi 100 tu, lakini nani atathubutu kutumbukiza kidole?

Sasa mtazame kuku asubuhi yenye baridi. Hujikunyata na kuvimbisha manyoya mpaka anaonekana mkubwa mara mbili. Hajaongeza unyoya hata mmoja. Ameongeza hewa. Mimi na soksi zangu tatu nilifanya kinyume chake kabisa: niliongeza uzi, nikaifukuza hewa. Ni kama kubana sponji kiganjani. Uzito wake haupungui, lakini kilichokuwa kinaifanya iwe nene kimetoka.

Kuna na jambo la pili linalokuja pamoja na kubanwa. Mguu, kuanzia kifundo kushuka, hauna misuli mikubwa ya kuzalisha joto lake. Hupashwa na damu inayoshuka kutoka kiwiliwilini. Buti likibana, damu inapita kwa taabu. Halafu mwili wenyewe, ukihisi kifua na tumbo vinapoa, hupunguza damu inayokwenda pembeni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Ni kama mgao wa maji: tangi likipungua, bomba la mwisho wa mtaa ndilo hukauka kwanza. Ndiyo maana fulana nzuri ya sufu kifuani, au kofia kichwani, huweza kuisaidia miguu kuliko soksi ya ziada.

Hii haina maana kwamba soksi mbili ni kosa siku zote. Soksi nyembamba chini ya nene, ndani ya buti lenye nafasi, ni mpangilio mzuri. Kipimo ni kimoja: ukishavaa, je, vidole vyote vinacheza? Safari nyingi za Antaktika, bara la barafu kusini mwa dunia, huwaazima abiria mabuti. Yajaribu ukiwa na soksi zilezile utakazoshuka nazo.

Ushauri maarufu wa kuvaa tabaka tatu za nguo nao husemwa kana kwamba tabaka zina nguvu ya pekee. Hazina. Koti moja lenye kushika hewa ya unene uleule lingekupa joto lilelile. Faida ya tabaka ni kwamba unaweza kuvua moja, na kuvua ni muhimu kwa sababu adui mkubwa wa matembezi haya huanzia ndani ya meli. Chumba kina joto. Umevaa kila kitu, ukafunga zipu mpaka kidevuni, ukavaa jaketi okozi juu yake, kisha ukapanga foleni kwenye korido kusubiri mashua ya mpira. Unatoka jasho. Jasho hilo likiingia kwenye fulana ya pamba, pamba hulinywa, hugandamana na ngozi, na pale palipokuwa na hewa sasa pana maji. Dakika chache baadaye uko kwenye mashua, upepo unakupiga.

Kwa hiyo jinzi na fulana za pamba ziache ziwe za kuvalia ndani ya meli. Chini vaa sufu ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, au kitambaa cha polista, na koti la nje lifungwe dakika ya mwisho. Sufu hufyonza mvuke kufikia kama theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na nyuzi zake zenye mikunjo huendelea kushika hewa. Ni kweli pia kwamba sufu hutoa joto kidogo wakati inafyonza unyevu, jambo ambalo kwangu ni la ajabu na zuri, lakini joto hilo hukoma sufu ikishashiba, usilitegemee.

Koti la nje lazima lizuie upepo na maji. Mashua ikienda kilomita 30 kwa saa katika hewa tulivu ya nyuzi 0, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Hesabu hiyo inatokana na kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, na mizizi yake ni majaribio ya watafiti Wamarekani Paul Siple na Charles Passel huko Antaktika, waliopima muda wa maji kuganda ndani ya chombo cha plastiki kilichowekwa penye upepo. Kuzuia maji nako usikudharau: huko Juneau, Alaska, mvua itakusumbua kuliko theluji.

Kanuni za mahali nazo huamua mizigo. Antaktika, watu wasiozidi 100 ndio hushuka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kabla ya kushuka mabuti huoshwa, mifuko ya nguo husafishwa isibebe mbegu za mimea. Nguo safi zitakuokolea muda. Svalbard, visiwa vya Norwe vya kaskazini ya mbali, tangu 2025 hairuhusiwi kumkaribia dubu mweupe chini ya mita 300, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Hapo darubini ina kazi kuliko sweta ya nne. Betri za kamera ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzidhoofisha.

Ile soksi ya ziada nayo nimeipatia kazi. Siku nyingi za Antaktika watu hushuka mara mbili, asubuhi na mchana, na buti la mpira halipumui: hata bahari isipoingia, jasho la mguu hubaki humo. Nikirudi chumbani natoa soli za ndani zikauke, naanika soksi ya asubuhi, na mchana nashuka na nyingine iliyo kavu.