Minyoo haitoki kwenye sukari

"Mtoto wangu anapenda miwa, ndiyo maana ana minyoo." Hapa Busia, Uganda, nasikia hivyo kila wiki. Si kweli. Miwa haizai minyoo, wala embe. Embe lililookotwa chini na kufutwa kwenye gauni, hilo ni jambo jingine.

"Kinyesi cha mtoto mdogo hakina neno." Hapa ndipo tunapojimaliza. Jirani yangu alikuwa akimwaga poti nyuma ya migomba, wakati choo kiko hatua ishirini tu. Mnyoo mviringo jike hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na yote hutoka na kinyesi. Yakipata udongo wenye unyevu na kivuli (na migombani kuna nini kingine?), baada ya wiki mbili tatu yako tayari kuambukiza, na yanaweza kudumu miaka. Kuku wanachakura palepale, mvua inasomba, kisha mtoto anafinyanga tope na kulamba vidole.

"Amekunywa dawa, yameisha." Aprili na Oktoba, siku za afya ya mtoto, watoto hupewa albendazoli: kidonge kimoja cha miligramu 400, nusu kwa wa mwaka mmoja ambaye hajafika miwili. Kidonge kinaua minyoo iliyomo tumboni. Mayai yaliyoko uani hakiyagusi, wala hakimkingi mtoto asiambukizwe tena mwezi ujao. Hakitibu kichocho pia. Wanaooga na kuchota maji Ziwa Viktoria au Albert wanahitaji dawa nyingine, prazikwanteli.

"Nawa mikono, inatosha." Kunawa kwa sabuni ni lazima, sibishi. Lakini safura, aina ya minyoo iliyoenea zaidi Uganda, haingoji mdomo: vijidudu vyake hutoboa ngozi ya mguu ulio peku, na mnyoo ukifika kwenye utumbo hunyonya damu mpaka viganja vya mtoto vinapauka. Viatu tunavyo, ila vimefungiwa kabatini vikingoja Jumapili. Kandambili za kila siku zingemfaa zaidi.

Kusaga meno usiku? Usiitegemee dalili hiyo. Akijikuna njia ya haja kubwa usiku, hapo shuku minyoo uzi: mkate kucha, fua mashuka, na nyumba nzima inywe dawa siku moja.

Jirani siku hizi anamwaga poti chooni. Maji ya kulisuuzia bado yanaishia migombani. Tunaendelea kuongea.