Je, wajua kwa nini washairi huyahesabu maisha kwa meno?

Mtoto mchanga ni kibogoyo, na mzee sana huwa kibogoyo tena. Washairi waliliona jambo hili zamani. Nilipoyasoma mashairi mawili maarufu kuhusu hatua za umri, nilikuta moja linaanza na meno na jingine linaishia kwenye meno.

La kwanza ni la Solon, mtunga sheria wa Athens, lililotungwa yapata miaka 2,600 iliyopita. Ameyagawa maisha katika mafungu kumi ya miaka saba saba, jumla miaka 70. Fungu la kwanza linafungwa mtoto anapong'oka meno ya utoto, ambayo Solon anayaita boma la meno. Kwa nini saba? Mwili wenyewe unasaidia kujibu: meno ya utoto, 20 kwa jumla, huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba hivi. Mwaka wa kuzaliwa unaweza kusahaulika, lakini pengo la kinywani kila mtu analiona. Fungu la pili linaleta dalili za kubalehe, la tatu ndevu.

Kisha Solon anabadilisha kipimo, na hapa ndipo ninapompendea. Baada ya nguvu za mwili kufikia kilele katika fungu la nne, na ndoa katika la tano, anahama mwilini na kuanza kupima akili na ulimi. Kwa hesabu yake akili na ulimi huwa bora kabisa katika fungu la saba na la nane, yaani kati ya miaka 42 na 56. Angeendelea kupima kwa meno na misuli, kilele kingebaki ujanani. Mshairi mwenzake, Mimnermus, aliuogopa uzee hata akaomba kifo kimfikie akiwa na miaka 60. Solon alimjibu kwa shairi: futa hiyo, useme 80.

Shairi la pili ni la William Shakespeare, katika tamthilia yake As You Like It, ya mwaka 1599 hivi. Humo dunia ni jukwaa, na binadamu huigiza sehemu saba: mtoto anayelia mikononi mwa yaya, mwanafunzi anayejikokota kama konokono kwenda shule, mpenzi anayehema kama tanuru, askari mwenye ndevu kama za chui, hakimu mwenye kitambi, mzee wa miwani ambaye nguo za ujanani zinampwaya miguuni. Wa saba amerudi utotoni: hana meno, hana macho, hana ladha, hana chochote.

Maneno hayo hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ndiyo hukumu ya Shakespeare juu ya uzee. Siyo. Yanasemwa na Jaques, mhusika aliyezama katika huzuni, na yeye anapima mwili tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mshairi mwenyewe anamjibu papo hapo, tena bila hoja. Jaques akishamaliza tu kusema "hana chochote", kijana Orlando anaingia amembeba mzee Adam, mtumishi wa nyumba yao.

Adam ana karibu miaka 80. Orlando alipolazimika kukimbia nyumbani, mzee huyu alimkabidhi akiba yake yote ya utumishi, krauni 500, aliyojiwekea kwa siku za uzeeni, akafuatana naye msituni. Sasa njaa imemmaliza nguvu, hawezi kutembea, na Orlando amekataa kugusa chakula mpaka Adam ale kwanza.

Mtawala aliyefukuzwa na kukimbilia huko msituni, ambaye chakula ni chake, haulizi mzee huyu yuko katika hatua ya ngapi. Anamwambia Orlando autue mzigo wake wa heshima, mzee ale.