Grinikadi ya ndoa ikikataliwa: kabla hujasema "rufaa"

"Wametukatalia, lakini tunakata rufaa, picha za harusi tunazo nyingi." Sentensi hii inazunguka kila mahali Waswahili wa Marekani wanapokutana mtandaoni, na kila ikisemwa hawakosi wa kuitikia "kateni tu, msikate tamaa". Uvumilivu wangu umekwisha, maana ushauri huo unawapotezea watu siku 30 ambazo hazirudi. Huenda uamuzi wenyewe haukatiwi rufaa. Huenda anayesema "tunakata" hana haki ya kukata. Na rufaa si mahali pa kupeleka picha.

Nazungumzia walioomba wakiwa tayari ndani ya Marekani. Waliokataliwa ubalozini Nairobi au Dar es Salaam wana utaratibu wao tofauti.

Anza kwa kujua ni kitu gani kilichokataliwa. Faili la ndoa lina maombi mawili. I-130 ni ya mwenzi aliye raia au mkazi wa kudumu, anayesema "huyu ni mke wangu" au "huyu ni mume wangu". I-485 ni ya mgeni, anayeomba hali yake ibadilishwe awe mkazi. I-485 imesimama juu ya I-130, kwa hiyo ya kwanza ikianguka ya pili inaanguka nayo, na mara nyingi barua zote mbili zinafika siku moja. Watu wanasoma ile ya I-485 kwa sababu ndiyo yenye jina la mgeni juu, wanaiweka ya I-130 pembeni. Ya I-130 ndiyo yenye sababu. Isome hiyo kwanza, neno kwa neno, na kalamu mkononi.

I-130 iliyokataliwa inakatiwa rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, kwa fomu EOIR-29. Fomu hiyo haipelekwi kwa Bodi moja kwa moja. Inapelekwa USCIS, idara ya uhamiaji iliyotoa uamuzi, kwa anwani iliyoandikwa kwenye barua ya kukataliwa, nao ndio wanaosafirisha faili. Anayekata rufaa ni mwombaji, yaani yule mwenzi raia au mkazi. Mgeni hana nafasi kisheria ya kuikata, hata kama yeye ndiye anayelipa kila kitu na ndiye asiyelala usiku. Ikitiwa sahihi ya mgeni peke yake, hiyo si rufaa halali.

I-485 kwa kawaida haina rufaa. Kilichopo ni maombi kwa fomu I-290B yanayorudi USCIS kwenyewe, na yapo ya aina mbili. Kuomba shauri lifunguliwe upya kunahitaji mambo mapya yenye nyaraka au viapo. Kuomba uamuzi utazamwe upya kunahitaji uonyeshe kwamba afisa alikosea sheria au sera, kwa kutumia ushahidi uliokuwa tayari kwenye faili siku ile alipoamua. Unaruhusiwa kuomba yote mawili kwa fomu moja, ila kila hoja iweke kwenye sehemu yake. Ukichanganya picha mpya ndani ya hoja ya kosa la sheria, unapoteza zote mbili. I-290B inatumika pia kwa I-130 usipotaka kwenda kwa Bodi.

Muda ni siku 30, au 33 barua ikiwa imetumwa kwa posta. Zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, wala si tangu ulipofungua sanduku. Na kwa upande wao kinachohesabiwa ni siku waliyopokea fomu. Muhuri wa posta haukusaidii kitu. Ada ikipungua bahasha inarudishwa, na siku zinaendelea kukimbia. I-290B imekuwa dola 800 tangu Aprili 2024, na ada ya EOIR-29 ilipandishwa sana mwaka 2025. Angalia ada asubuhi ile ile unayotuma, usitegemee aliyokuambia binamu aliyefanya mwaka juzi.

Sasa picha. Rufaa inapima uamuzi juu ya faili lililokuwepo. Kama USCIS waliwahi kukuandikia barua ya kuomba ushahidi zaidi, au barua ya kusudio la kukataa, nawe hukuleta walichotaja, Bodi haitaupokea ushahidi huo kwenye rufaa. Msimamo huo ni wa tangu 1988, katika shauri la Soriano. Njia ya ushahidi wa aina hiyo ni I-130 mpya. Hakuna kikomo cha mara ngapi mwenzi anaweza kuwasilisha I-130, na kwa wengi waliokataliwa kwa sababu ya ushahidi mchache, ombi jipya lililopangwa vizuri ndilo jibu la kweli: lina haraka kuliko rufaa, na likiambatana na I-485 mpya, mgeni anakuwa tena na ombi linaloendelea. Rufaa pekee haiifufui I-485 iliyokufa.

Lakini usikimbilie ombi jipya kabla hujaona jambo hili moja. Ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu watu wanaliruka kama tangazo.

Kuna barua inayosema "hamkuthibitisha kwamba ndoa yenu ni ya kweli". Kuna nyingine inayotaja kifungu 204(c) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Kwa macho ya aliyekataliwa zinafanana, zote zinasema hapana. Kisheria zimetengana mbali. Ya kwanza inasema mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wenu na hamkuufikisha. Kipimo chake ni kwamba ielekee zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na mnaweza kurudi na ushahidi bora. Ya pili inasema mgeni aliingia, au alijaribu kuingia, kwenye ndoa ya makaratasi ili akwepe sheria za uhamiaji. Ikikaa, hakuna ombi jingine litakalokubaliwa kwa ajili yake: si la mwenzi huyu, si la mwenzi mwingine atakayempenda kweli miaka kumi baadaye, si la mwajiri. Haina muda wa kuisha na haina fomu ya msamaha. Wala haihitaji awe amewahi kushtakiwa au kufungwa.

Kwa sababu adhabu yake ni ya maisha, kipimo chake nacho ni kizito. Mwaka 2019, katika shauri la P. Singh, Bodi ilieleza kwamba ushahidi wa udanganyifu lazima uwe mzito na wenye kuthibitisha, juu ya kile kipimo cha kawaida cha "inaelekea zaidi". Hapo ndipo rufaa ina maana. Afisa aliyeandika 204(c) kwa sababu wanandoa walitofautiana kuhusu rangi ya mapazia na nani aliamka kwanza, hajafikia kipimo. Afisa mwenye taarifa ya mwenzi wa zamani iliyotiwa sahihi ikisema alilipwa, pamoja na mkataba wa nyumba unaoonyesha wawili hao waliishi miji tofauti, amekaribia sana. Rufaa nzuri inachukua kila kipande alichotegemea afisa, kimoja kimoja, na kuonyesha kinathibitisha nini hasa. Rufaa mbaya ni kurasa tatu za "tunapendana".

Ukituma I-130 mpya bila kuijibu 204(c), ombi jipya linakataliwa kwa sababu ileile, na sasa wamekukataa mara mbili kwa kifungu kilekile.

Vitabu vinaeleza kana kwamba barua ziko za aina mbili tu. Kuna ya tatu, inayosimulia shaka kwa kurasa nne, inasema majibu yenu yaligongana, inataja maafisa waliofika nyumbani alfajiri wasimkute mume, halafu inamalizia kwa "hamkutimiza mzigo" bila kutaja 204(c) popote. Hapa sisi wenyewe tunaofanya kazi hii tunatofautiana. Wengine wanasema wasilisha upya haraka, kifungu hakikutajwa. Mimi naegemea kujibu kila shaka kwa maandishi ndani ya ombi jipya, kwa kuwa afisa wa pili atalisoma faili la kwanza na anaruhusiwa kufikia hitimisho zito kuliko la mwenzake. Ila sitakuficha: kujibu shaka ambayo haikutajwa waziwazi kunaweza kuikuza, na sina jibu moja linalofaa kila faili.

Omba nakala ya faili lako kwa sheria ya uhuru wa habari. Fanya siku ile ile barua inapofika, kwa sababu mara nyingi nakala haifiki ndani ya siku 30. Kama barua imetaja 204(c), tuma EOIR-29 ndani ya muda kwanza, onyesha kwenye fomu kwamba utaleta hoja za maandishi, nakala ikufuate baadaye. Unachotafuta ndani ya faili ni taarifa mbaya ambayo hamkuonyeshwa. Kanuni inamtaka afisa amjulishe mwombaji taarifa asiyoijua kabla ya kuitumia kumkatalia. Kama jirani alihojiwa na maneno yake yakatumika bila ninyi kupewa nafasi ya kuyajibu, hilo ni kosa la sheria lenye nguvu kuliko albamu nzima ya harusi.

Kwa wanaotoka kwetu kuna sababu ya kukataliwa isiyohusiana na upendo hata kidogo: ndoa ya kwanza haikuvunjwa kisheria. Marekani inauliza kama talaka ni halali mahali ilipotolewa. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa huvunjwa na mahakama. Shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kisha mahakama inatoa amri, kisha talaka inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Talaka ya mdomo mbele ya wazee, au karatasi ya msikitini peke yake, inaweza kutosha kwa familia na isitoshe kwa afisa. Na tatizo hili mara nyingi linaibuliwa na fomu ya zamani: mtu aliandika "nimeoa" alipoomba viza ya matembezi ili aonekane ana sababu ya kurudi nyumbani, halafu kwenye I-485 akaandika hajawahi kuoa. Fomu zote mbili ziko mbele ya afisa. Hapo swali linahama kutoka ndoa kwenda uongo kwa serikali, na hilo lina msamaha wake wa fomu I-601 wenye masharti magumu.

Kama kweli ndoa ya kwanza ilikuwa bado hai siku mlipooana Marekani, rufaa haitasaidia, na amri ya mahakama ya kwetu iliyopatikana baadaye haiiponyi ndoa ya pili. Ustahiki unapimwa siku ombi lilipowasilishwa. Pateni amri ya talaka, oaneni upya baada ya tarehe yake, ndipo muwasilishe I-130 mpya. Mwende na wakili, kwa sababu mtaulizwa kwa nini mlioana mara mbili.

Kuhusu ushahidi wa ombi jipya: ombeni taarifa za kodi moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Aliyeoa na bado anajaza kodi kama mseja amempa afisa silaha, na anapaswa kurekebisha kwa fomu 1040-X kabla ya kuwasilisha tena. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya mahojiano ikiwa na dola 50 inadhuru kuliko kutokuwepo. Afisa anataka kuona mshahara ukiingia, kodi ya nyumba na mboga vikitoka. Mume akiwa dereva wa lori na haonekani nyumbani wiki tatu, leteni kumbukumbu za safari na barua ya mwajiri. Mkiishi kwa mjomba na mkataba una jina lake, mjomba aape hivyo na aambatishe mkataba wake. Kiapo kiwe na jina kamili, anwani, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na kieleze alivyoyajua anayoyasema. Kama kiapo ni cha Kiswahili, mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaziweza lugha zote mbili. Kwa tafsiri hiyo, muhuri wa mthibitishaji si sharti. Viapo vingapi vinatosha? Siwezi kukuambia vitano ni bora kuliko viwili. Inategemea afisa, na afisa hakuchaguliwa na wewe.

Usisafiri nje. Usimlipe mtu wa mtaani anayejaza fomu. Anayeruhusiwa kukushauri kisheria ni wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Ukihama, toa taarifa ya anwani ndani ya siku 10, maana barua ya kusudio la kukataa ikienda nyumba ya zamani, siku zako zinaisha bila wewe kujua.

Na I-290B haisimamishi chochote. Mgeni asiye na hali nyingine halali anaanza kuhesabiwa siku za kukaa bila kibali I-485 inapokataliwa, na tangu waraka wa Februari 2025 sera ya USCIS ni kutoa wito wa mahakama ya uhamiaji kwa wa namna hiyo. Wito huo si mwisho: jaji anaweza kuisikiliza I-485 upya I-130 ikiwa imekubaliwa, na kwa mgeni aliyeingia kwa viza akaoa raia, hiyo mara nyingi ndiyo njia iliyobaki wazi. Lakini lazima ufike. Angalia tarehe ya shauri kwa namba yako ya A (namba ya mgeni iliyo kwenye barua zako) kila wiki, kwa kuwa tarehe hubadilika na barua hupotea, na asiyefika jaji anaweza kumwamuru aondolewe nchini bila yeye kuwepo.