Balozi wa kisiasa: mwanasiasa anapokabidhiwa hati za utambulisho

Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na Rais, ukitoka Ikulu usiku, watu hupitia majina harakaharaka, na hakosekani wa kusema: "Huyu naye kapelekwa ubalozini? Basi, kwisha habari yake." Kwa Watanzania wengi tafsiri ya uteuzi huo ni moja tu, kwamba mwanasiasa ametupwa mbali na jukwaa ili apoe. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tafsiri hiyo inatunyima kuona mtu huyo anaacha kazi ya namna gani na anaingia kwenye ipi, nami naona hapo ndipo penye uzito.

Balozi wa kisiasa ni mtu anayekabidhiwa ubalozi bila kupanda ngazi za Wizara ya Mambo ya Nje. Anatoka bungeni, kwenye baraza la mawaziri au kwenye ofisi za chama. Mwenzake, balozi wa kada, alianza kama afisa mambo ya nje, pengine akasoma Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, kisha akahamishwa kituo baada ya kituo mpaka akaaminiwa kuongoza. Kwa nchi mwenyeji hawa wawili ni sawasawa: cheo kimoja, kinga ileile, bendera ileile kwenye gari. Tofauti yao iko nyumbani, katika njia waliyopitia na katika mtu wanayeweza kumpigia simu.

Neno balozi lenyewe limesafiri. Venisi ilikuwa na mwakilishi wake Istanbul aliyeitwa bailo, Waturuki wakalitamka balyoz, na lilipofika pwani yetu likawa jina la konseli wa nchi za nje. Enzi za TANU likashuka hadi mtaani, tukapata balozi wa nyumba kumi. Kuanzia kasri la sultani hadi kibaraza cha uswahilini, maana haikupotea: balozi ni mtu anayesema kwa kinywa cha mwingine.

Hapo ndipo ugumu wa mwanasiasa unapoanzia. Miaka yote ameishi kwa kusema lake. Akipanda jukwaani anawashambulia wapinzani wake, anaahidi, anabadili hotuba kadiri umati unavyoitikia. Siku anayokuwa balozi kauli si yake tena. Anachosema kimeagizwa na serikali, na anachosikia hukiandikia ripoti. Hawakilishi chama wala waliompigia kura, anawawakilisha hata wale waliomzomea. Na akiwa huko hana ruhusa ya kutia mkono katika siasa za wenyeji, kwa sababu Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unakataza. Mtu aliyezoea kusema kila alionalo huumia kwa ukimya huo kuliko anavyoumia kwa baridi ya ugenini.

Safari ya kufika huko nayo ina hatua zake. Kabla ya mteule kuondoka, jina lake hupelekwa kimyakimya kwa nchi atakayokwenda ili itoe ridhaa. Nchi hiyo inaweza kukataa, na Mkataba wa Vienna hauidai sababu. Ndiyo maana mara nyingi taarifa ya Ikulu husema fulani ameteuliwa kuwa balozi na kituo chake kitatangazwa baadaye. Wasomaji hudhani kuna siri kubwa, kumbe mara nyingi jibu la wenyeji bado linasubiriwa.

Ridhaa ikipatikana, balozi hupewa hati za utambulisho. Ni barua ya mkuu wa nchi kwa mkuu wa nchi mwenzake, ikimwomba ayaamini yote ambayo mjumbe huyu atayasema kwa niaba ya aliyemtuma. Akifika hutanguliza nakala wizara ya mambo ya nje ya wenyeji, kisha husubiri siku ya kukabidhi hati halisi. Kule Stockholm balozi mpya hupelekwa kwenye kasri la mfalme kwa gari la kukokotwa na farasi. Mtu aliyewahi kusimama juu ya boneti la gari akiomba kura hukaa humo kwa utulivu, bahasha mkononi, na ndani ya bahasha hiyo hakuna hata neno moja lake.

Kwa mfano wa Tanzania, kituo kinachonivutia kuliko vyote ni Cairo. Salim Ahmed Salim alipelekwa huko mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, kijana aliyetoka katika harakati za siasa za Zanzibar. Diplomasia ikamshika: akaiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi, akawa Waziri Mkuu mwaka 1984 baada ya kifo cha Edward Sokoine aliyekuwa na wadhifa huo, na kuanzia 1989 hadi 2001 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU).

Wa pili ni Ali Hassan Mwinyi, na kisa chake ndicho kinachovunja ile hoja ya "kwisha habari yake". Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga, katika msako uliohusu mauaji ya kishirikina, walipoteswa na baadhi yao kufia mikononi mwa dola. Yeye hakumpiga mtu. Hata hivyo, mwaka 1977 alijiuzulu, na tangu hapo neno kuwajibika likishatajwa katika siasa za Tanzania, jina lake halikosekani. Mwalimu Nyerere akampeleka Cairo. Aliingia katika mji uliokuwa unatokota: Novemba mwaka huohuo Rais Sadat wa Misri alikwenda Jerusalem, kwa Waisraeli, na mwaka 1979 Misri ikasimamishwa uanachama katika Umoja wa Nchi za Kiarabu, makao makuu ya umoja huo yakahamishiwa Tunis. Kwa balozi, miaka ya namna hiyo ni ya kusikiliza sana na kusema kidogo. Mwinyi alirudi, mwaka 1982 akawa waziri tena, Januari 1984 akashika urais wa Zanzibar, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Muungano.

Wa tatu ni Emmanuel Nchimbi. Naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 2013 aliondoka yeye na mawaziri wengine watatu kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa wananchi katika Operesheni Tokomeza, msako dhidi ya majangili. Baadaye akapewa ubalozi wa Brazil, kisha wa Misri. Januari 2024 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, na mwishoni mwa 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Wizara ileile, doa la namna ileile, mji uleule, miaka zaidi ya 35 baadaye.

Tena Cairo si mahali pa kumtupia mtu. Maji ya Ziwa Victoria yanaishia kule, na mgawanyo wa Mto Nile ni hoja tunayobishana na Misri tangu uhuru. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, la megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri. Anayekaa kwenye kiti hicho ana kazi.

Wilbrod Slaa anatuonyesha upande mwingine. Alikuwa padri, akawa mbunge wa Karatu kwa miaka 15, Katibu Mkuu wa CHADEMA na mgombea urais mwaka 2010. Mwaka 2015 aliachana na chama chake kilipompokea Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM, na mwaka 2017 Rais Magufuli akamteua kuwa balozi, kituo chake Sweden. Kwetu ubalozi si kituo tu, ni hadhi inayobaki na mtu hata akirudi nyumbani, ndiyo maana aliendelea kuitwa Balozi Slaa. Mwaka 2023 aliupinga hadharani mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, na Septemba mwaka huo Rais Samia akamvua hadhi hiyo. Hadhi hutolewa na Rais, na ni Rais anayeweza kuichukua.

Kenya mambo ni tofauti kidogo. Chini ya Katiba ya 2010, jina la mteule hupelekwa Bunge la Taifa, naye hupigwa msasa kabla ya kuidhinishwa. Marekani jina hupita Seneti, ingawa takriban theluthi moja ya mabalozi wake kwa kawaida hutoka nje ya kada, wengi wakiwa wachangiaji wa kampeni. Tanzania jina halipiti bungeni. Ningependa lipite, hasa kwa mwanasiasa, ili wananchi wamsikie akieleza anakwenda kufanya nini.

Maafisa wa wizara wana haki ya kunung'unika. Mtu ametumikia miaka 20, anajua lugha ya kule na namna ya kuandika waraka usiotibua ugomvi, halafu kiti anapewa aliyekosa kura jimboni. Lakini mwanasiasa naye ana kitu ambacho afisa hana. Paul Bomani, aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba kanda ya Ziwa na kuwa waziri wa fedha, aliangushwa kwenye uchaguzi wa 1965. Mwaka 1972 akaenda Washington kuwa balozi, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Akizungumzia bei ya pamba, aliwajua walioilima. Wenyeji pia hupima haraka kama balozi anaweza kumfikia Rais wake moja kwa moja, na wakiona anaweza, milango hufunguka. Anayeshindwa ni yule anayekataa kuelekezwa na afisa aliyemkuta ofisini.

Balozi anapomaliza muda wake kuna hati nyingine, ya kumwita nyumbani. Hiyo haikabidhi yeye. Huikabidhi mrithi wake, siku ileile anapowasilisha hati zake mwenyewe. Kwa hiyo mwanasiasa anaweza kuwa amesharudi Dodoma, yuko jukwaani na kipaza sauti mkononi, huku karatasi inayosema kwamba amemaliza kazi ugenini bado imo kwenye mkoba wa mtu mwingine, ikisubiri siku ya kasri.