Hewa ni nini, na ndani yake mna gesi gani?

Ukitaja gesi hapa Mtwara, mawazo ya watu yanakwenda Msimbati kwenye visima, au jikoni kwenye mtungi. Ile ya Msimbati ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani. Lakini hata upepo wa kusi unaopiga ufukweni Shangani ni gesi.

Hewa ni mchanganyiko wa gesi zinazoizunguka dunia, hazina rangi wala harufu. Ikienda mbio tunaiita upepo.

Wengi wakiulizwa hewa ni nini hujibu: oksijeni. Sivyo. Chukua hewa kavu uigawe mafungu 100. Mafungu 78 ni nitrojeni, 21 ni oksijeni, na moja linalobaki karibu lote ni agoni. Hewa ukaa ni kidogo mno, kama sehemu 4 tu katika kila 10,000. Hata hivyo, ukaa wote uliojenga shina la mkorosho umetoka kwenye sehemu hizo chache, haukutoka ardhini. Methani ni haba kuliko hiyo: katika sehemu milioni moja za hewa, haifiki hata mbili.

Nimesema hewa kavu kwa sababu mvuke wa maji hupanda na kushuka. Mwezi wa Januari, chupa ya soda baridi ikitoka jasho mezani, maji yale yametoka hewani.

Sasa turudi kwenye nitrojeni, maana ndiyo kubwa na ndiyo inayosahaulika. Tunaivuta na kuitoa vilevile ilivyo, mwili hauna kazi nayo. Atomi zake hukaa mbilimbili, zimeshikana kwa nguvu, hata mimea yenyewe haiwezi kuzitenganisha. Muhogo umezungukwa na nitrojeni usiku na mchana, na bado unaweza kudumaa kwa kuikosa kwenye udongo.

Mbaazi ina njia yake. Ng'oa mche wa mbaazi, au wa kunde, taratibu. Mizizini utaona vifundo vidogo. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu ndani, bakteria waliomo wako kazini: wanachukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea unawalipa sukari. Majani na mizizi ikioza, udongo nao hupata. Mkulima anayechanganya muhogo na mbaazi shambani anavuna hewa, na napenda kila mwanafunzi wa huku aone vifundo hivyo kwa macho yake.

Viwanda hufanya kazi hiyohiyo kwa moto na mgandamizo mkubwa. Methani hutoa haidrojeni, hewa hutoa nitrojeni, zikiungana inapatikana amonia, na kwa amonia hutengenezwa mbolea ya urea. Ile namba 46 kwenye mfuko wa urea ni asilimia ya nitrojeni. Katika mfuko wa kilo 50, kilo 23 zilikuwa hewa.