Kome wapo tele? Nionyesheni watoto wao

Jana tena, pale feri Mtwara mjini, kijana kaniambia mwalimu unamlinganishaje kasuku na kome, kasuku ndo anaisha, kome si wamejaa tele mtoni. Nimelisikia hili mpaka nimechoka, acha niliandike.

Namsema kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na kome wa lulu wa mito ya Ulaya. Orodha Nyekundu ya IUCN, ile orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, imewaweka daraja moja. Habari ya kasuku mnaijua: wanamnasa wakamuuze, miti mikubwa yenye matundu ya kutagia inakatwa, Ghana wamepungua zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2016 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ikazuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Basi.

Sasa kome. Huyu anaweza kupita miaka 100. Jike anamwaga vitoto mamilioni, na kila kimoja lazima kinase kwenye matamvua ya samaki aina ya salmoni au trauti, kikae humo miezi, kidondoke kwenye changarawe safi na kujifukia miaka kadhaa. Tope la mashambani likiziba ile changarawe vitoto vinakosa hewa vinakufa, ila wakubwa hawafi, wanabaki wamesimama pale pale miaka 40, 50, wewe unapita unawaona unasema wapo tele kumbe ni wazee watupu, mto mzima hauna mtoto hata mmoja! Huo wingi ndo unaowadanganya watu.

Kipimo chenyewe kinanisumbua, nakiri. IUCN inaangalia kupungua kwa miaka 10 au vizazi vitatu, kilicho kirefu zaidi. Vizazi vitatu vya kome ni muda mrefu mno, nani aliwahesabu enzi hizo? Tunakadiria. Na ukitaka kuhesabu vitoto inabidi uchimbue changarawe, yaani unavuruga kitanda chao wenyewe.

Mwezi uliopita, bamvua, nilikuwa Mikindani na mama mmoja anaokota chaza. Ndoo yake wakubwa tu. Nikamuuliza mama, wadogo je? Akanishika mkono akaniinamisha mpaka mwambani, wamejipanga kama kucha za mtoto, huwezi kuwaona umesimama.

"Hawa ndo wa mwakani mwanangu, usiwakanyage."